Isale Mfukoni mwa Mzee Elinaja

Shangazi Eliapenda tulimzika Jumanne. Ijumaa asubuhi, wageni wa msiba wakiwa bado wanakunywa mtori, Ndeshi, binti wa marehemu Mzee Elinaja, alinijia pale nilipokaa, akainama na kuniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, kesho tupande nduwani tukatembee kidogo. Njia siku hizi ni laini, hata magoti yako hayatalalamika." Machale yakanicheza papo hapo. Nduwa ni bwawa la zamani ambalo mababu walilichimba juu ya kijiji kwa majembe ya mti, likinge maji ya mfongo, mfereji wetu wa asili, usiku kucha ili asubuhi yafunguliwe kwenda mashambani. Siku hizi watu wa Moshi mjini huja Jumamosi kulizunguka, wapige picha, wanywe kahawa, warudi kwao wakiwa wamefurahi, na Ndeshi ndiye anayewatembeza. Mimi sikuwa mtu wa mjini wala sikuwa na simu ya kupigia picha. Kwa nini mimi, na kwa nini siku ya nne baada ya maziko? Nilimtazama usoni nikitafuta kilichojificha, nikaona uso wa mwanamke wa makamo aliyechoka kupika msibani. Nikamwambia sawa.

Niseme mapema kilichonitia hofu, nisije nikaonekana mzee anayeogopa kupanda kilima. Mwaka nilioanza kazi ya ualimu, baba yake Ndeshi alinyang'anywa ulinzi wa nduwa ile, akashikiliwa mjini wiki sita, na maneno yaliyompeleka huko yalitoka kinywani mwangu. Kwetu Uchaggani mwenye kosa hubeba jani la isale, lile jani refu la kijani linaloota mipakani na makaburini, akalitia mkononi mwa aliyemkosea. Anayepewa isale hakatai. Akishalipokea, neno limekwisha, halifufuliwi tena. Ijumaa ile jioni nilikwenda pembeni ya kaburi bichi la Shangazi, nikachuma isale moja, nikalikunja na kulitia kwenye mkoba wangu kati ya miwani na kitabu cha nyimbo. Miaka yote nilikuwa sijalibeba. Nilikuwa nikijiambia kwamba sikusema uongo hata neno moja.

Mwaka wenyewe ulikuwa ule wa msako wa wahujumu uchumi, madukani mkiwa na rafu tupu na chumvi peke yake. Nilipangiwa shule ya msingi upande wa juu wa Mwika, nikakaa kwa Shangazi, katika chumba kilichotenganishwa na jiko kwa ukuta wa mbao. Mbao zenyewe zilikuwa zimekauka na kuachana, nami nikawa naamka na harufu ya moshi na kulala na mazungumzo ya watu wengine. Shangazi alikuwa na hoteli ndogo pale sokoni, meza nne na mabenchi, akiuza chai, maharage, na siku za gulio kiburu, ndizi zilizopondwa na maharage. Chai ya kwake ilikuwa na sukari. Jambo hilo tu lilitosha kumfanya mtu atazamwe. Wateja walikuwa wakinywa huku wakiangaliana juu ya vikombe, na wakitoka nje wanaulizana anaipata wapi. Mimi nilikuwa nalala juu ya jibu. Chini ya kitanda changu kulikuwa na magunia mawili madogo yaliyofunikwa kwa mikeka, na siku niliyouliza Shangazi aliniambia, "Ni mbegu za maharage, mwanangu. Usiyaguse, yataota." Mbegu za maharage zilizonukia sabuni ya kufulia. Nikajitia hamnazo, nikalala.

Shuleni hali ilikuwa hiyo hiyo. Tulikuwa walimu saba katika ofisi moja, na kila Jumatatu tulikaguana kola za mashati kabla ya kusalimiana. Shati likiwa jeupe mno, mwenyewe alitakiwa kueleza. Wengi tulifulia majani ya mpapai na majivu, nguo zikatoka na rangi ya maji ya viazi, na rangi hiyo ikawa ndiyo ya uaminifu. Nakumbuka mwalimu mkuu alivyovaa shati jeupe siku ya mkutano wa wazazi, akalazimika kusimama mbele ya watu wazima na kusema kwamba alilinunua siku nyingi na hajawahi kulifua. Balozi wa nyumba kumi alikuwa akipita jioni, anakaa jikoni kwa Shangazi, anasifu ndizi, macho yake yakizunguka kwenye vyungu. Akinikuta ananiuliza, "Mwalimu, wewe msomi, huoni chochote huko mnakopita?" Namjibu naona ukungu tu. Anacheka, halafu anauliza tena kwa maneno mengine. Niliishi mwaka ule roho mkononi, na nikazoea kumshuku kila mtu kabla hajanishuku mimi. Mazoea hayo sijayaacha. Marehemu mume wangu alikuwa akisema nikimpokea mgeni namkagua hadi viatu.

Mahali pekee nilipopumua palikuwa nduwani. Jumapili baada ya ibada na chakula cha mchana nilipanda taratibu kwa njia ya kando ya mfongo, chini ya migomba, hata jasho halikutoka. Pale juu unazunguka ukingo wa majani mafupi, upande mmoja mlima kama haujafunikwa na mawingu, upande mwingine tambarare hadi mashamba ya miwa yaliyofifia kwa mbali. Mzee Elinaja alikuwa daima yupo. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye shati moja la khaki lenye mfuko wa kushoto, na fimbo yenye alama alizochonga kwa kisu. Aliitumbukiza majini jioni na asubuhi akajua nduwa imejaa kiasi gani na nani atafunguliwa kwanza. Tundu la kutolea maji aliliziba kwa kipande cha mgomba na udongo, na mwanamke hakuruhusiwa kuligusa. Nilimwambia siku moja kwamba serikali imesema wanawake na wanaume ni sawa. Akanitazama, akasema, "Serikali ije izibe yenyewe, Mwalimu. Wewe zunguka, upate hewa. Naona huko chini mnavuta pumzi kwa zamu." Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu nifike. Alinionyesha njia ya maji, kaya baada ya kaya, hadi shamba la mwisho. Alisema hata mtu aliyegombana naye hajawahi kumfungia maji, kwa sababu maji hayakugombana na mtu. Nilimpenda yule mzee, na nalisema hapa ili mjue ni mtu wa namna gani niliyemfanyia nilivyomfanyia.

Jumamosi moja uvumi ulifika sokoni kwamba lori la msako liko njiani kutoka mjini, na Jumatatu litakuwa kwetu. Kabla ya saa kumi watu wengine walikuwa wanatupa betri za redio chooni. Mimi nilikuwa nimekaa kizingitini nasahihisha madaftari ya darasa la nne nilipomwona Shangazi akitoka uani na mzigo mkubwa wa majani ya ng'ombe kichwani, akishika njia ya kupanda. Nikaacha kusahihisha. Ng'ombe wetu wanalishwa zizini, na majani hutoka huko nje kuja nyumbani. Sijaona maishani mwangu mtu akitoa majani nyumbani kuyapeleka nje. Alirudi jua linazama, bila majani, kanga imelowa hadi magotini, akaitandaza juu ya moto na kunipikia machalari, ndizi zenye nyama, na haikuwa sikukuu. Nilipoingia chumbani kulala nilipapasa chini ya kitanda kwa mguu. Palikuwa patupu. Nilikuwa mtu wa kushuku hata shati la mwalimu mkuu, lakini jioni ile nilijifunika shuka na kujiambia kwamba mbegu zimepelekwa shambani.

Jumapili maji hayafunguliwi, kwa hiyo chochote kilichotumbukizwa nduwani Jumamosi kililowa siku nzima na usiku wake. Jumatatu Mzee Elinaja alipovuta kile kipande cha mgomba, mfongo ulishuka kijijini mweupe kama maziwa, umebeba mapovu. Nilikuwa nanawa uso uani nilipoyaona yanapita. Wanawake wa kaya za chini walikuwa wanapiga yowe kwamba nduwa imetiwa sumu, mtu asinywe, ng'ombe wasinyweshwe. Shangazi hakuwapo jikoni. Uji ulikuwa umeachwa motoni unaungua. Nikauepua, nikachukua mkoba wangu wa shule na kupanda kwa njia ya nduwani ingawa shule iko upande wa pili. Njiani nilimwona Shangazi akishuka upesi kwenye migomba ya jirani. Hakuniona, nami sikumwita.

Mzee Elinaja alikuwa ameshaziba tundu. Alikuwa ndani ya maji hadi kiunoni, ameinama, mikono yote miwili imezama, uso wake karibu uguse maji. Nilisimama nyuma ya mti wa msesewe nikamtazama. Akajiinua kwa taabu na gunia linalotiririka maji meupe, akalikokota hadi ukingoni, akarudi akatoa la pili, jiwe lake bado limefungwa kwa kamba. Akayavuta hadi kwenye majani marefu, akayafunika. Aliposimama kukamua shati ndipo nilipoona jani la isale limechomoza kwenye mfuko wake wa kushoto, kijani kibichi, limechumwa asubuhi ile. Nikajua alikotoka Shangazi. Nilijua, naandika hapa kwa mara ya kwanza. Nikageuka, nikashuka, nikaenda kufundisha hesabu.

Kabla ya adhuhuri wanaume wa kaya za chini walikuwa wameshapanda na mapanga, wakayakuta magunia majanini na mzee akiwa bado amelowa. Kengele ya kijiji ikagongwa. Mkutano ulifanyika mbele ya ghala la kahawa, watu wakiwa wamesimama mbalimbali, kila mmoja akichunga maneno yake. Lori la msako liliegeshwa pale pale, vijana wanne wamekaa juu wakisikiliza. Balozi wetu akasema kuna mtu aliyemwona mwalimu akitoka upande wa nduwa asubuhi, basi mwalimu atusaidie. Nikahisi watu wote wamenigeukia. Shangazi alikuwa mbele kushoto, ameshika ncha ya kanga mdomoni. Mwenyekiti wa kijiji akaniuliza nilimwona Mzee Elinaja akifanya nini. Nikasema, "Nilimwona yuko ndani ya maji, mikono imezama, na magunia." Akaniuliza kama kulikuwa na mtu mwingine. Nikasema nduwani hapakuwa na mtu mwingine. Kila neno lilikuwa la kweli. Niliyachagua yale maneno kwa uangalifu kuliko nilivyowahi kuchagua maneno ya mtihani, kwa sababu nilikuwa nafikiria kitanda changu, na harufu iliyobaki kwenye mikeka, na kazi ya serikali niliyokuwa nayo miezi minane tu.

Ndipo mzee mmoja wa ukoo akanyoosha kidole kwenye mfuko wa shati la khaki. "Na hilo isale? Mtu asiye na kosa anabeba isale la nini?" Umati ukaguna. Hapo ndipo neno lilipokwisha, kwa sababu sote tunajua isale hubebwa na mkosaji, na hakuna aliyekumbuka kwamba lipo pia mikononi mwa aliyekwisha kuombwa. Mzee Elinaja alilitazama lile jani, akalisukuma chini mfukoni kwa kidole, akasema, "Ni isale." Wakamnyang'anya fimbo ya nduwa hapo hapo, akapandishwa kwenye lori akiwa na nguo mbichi. Alipopita mbele yangu hakunitazama vibaya. Alinitazama kama anavyotazama maji asubuhi, apime yamefika wapi.

Kesho yake nilisifiwa. Balozi aliniletea mche mzima wa sabuni, zawadi ya kijiji, niukate nitumie. Ndeshi alikuwa darasa la nne, darasa langu, anakaa benchi la pili dirishani. Alikuja shuleni kama kawaida, akasimama na wenzake, akasema "Shikamoo mwalimu," nami nikaitikia marahaba. Wiki zote sita alinisalimu vile vile, na wiki zote sita nilijiuliza anajua nini. Nilisahihisha daftari lake mwisho, ya wenzake yote yakiwa yamemalizika, nikitafuta chuki kwenye mwandiko. Sikuiona, nikamshuku zaidi. Mzee aliporudi alikuwa amekonda na anakohoa. Fimbo haikurudishwa. Tangu siku hiyo hakupanda nduwani tena, hata kutembea. Akitaka kwenda kwa jamaa zake upande wa pili alizungukia barabarani, mwendo mrefu mara mbili. Shangazi kila Jumamosi alimpelekea kibuyu cha maziwa mgando, hadi mzee alipokufa, na mimi kwa akili zangu nikashuku kwamba kuna mapenzi kati yao. Ningeshuku lolote ili nisikumbuke lile nililolijua. Mwisho wa mwaka niliomba uhamisho, nikapewa shule ya Mabogini, kwenye joto na mbu, nikashukuru.

Wiki mbili kabla ya kufa Shangazi aliniita kitandani, akamtuma mjukuu wake akachote maji ili tubaki wawili. Akaniambia magunia yalikuwa yake. Nikamwambia najua. Akasema, "Nilimkuta peke yake asubuhi, nikampa isale, nikamwambia anifiche. Angefanyaje yule? Alishalipokea." Nikamwuliza kwa nini hakusema chochote pale mkutanoni. Akageuza uso ukutani. "Wewe ulikuwa unalala juu yake. Wangekuchukua na wewe. Nilikuwa nakungoja wewe useme umemwona akiyatoa, ingetosha. Hawakuwa na ushahidi mwingine." Nilikuwa nimeshika kikombe cha uji wake, nikakiweka chini. Miaka yote ile tulikuwa tumekaa tukishukiana, yeye na mimi, na kila mmoja akimngoja mwenzake.

Basi Jumamosi tukapanda, Ndeshi na mimi. Kweli njia imelainishwa, wamepanga mawe, wameweka hata benchi la kupumzikia. Juu ya mfereji wa kutolea maji wamelaza gogo la kuvukia, na Ndeshi alinishika mkono nikavuka. Kulikuwa na kijana na mchumba wake kutoka mjini wanapigana picha, wakatuamkia vizuri. Ndeshi aliwaeleza habari za mababu na majembe ya mti, na kuhusu fimbo yenye alama, bila kutaja jina la aliyeishika. Mimi nilikuwa nasikiliza kila neno nikitafuta mtego uko wapi. Tulipofika upande wa pili, penye majani marefu, akasimama, akaangalia maji. Nikaona hakuna mtego. Alinileta tu mahali hapo. Nikafungua mkoba, nikatoa isale, limeshasinyaa kidogo kwenye mkunjo, nikamnyooshea kwa mikono miwili.

Hakulipokea. Alikunja mikono kifuani. "Ni la marehemu shangazi yako au ni la kwako?"

"Langu. La marehemu, baba yako alishalipokea."

"Hilo nalijua. Alituambia alipewa isale, hakusema na nani. Lakini yale maziwa tulikuwa tunayanywa sisi, Mwalimu." Alitazama jani mkononi mwangu. "Nikilipokea hili sitaweza kukuuliza tena kitu. Kwa hiyo ngoja nikuulize kwanza. Siku ile ulimwona anayatia yale magunia, au anayatoa?"

Wale vijana wa mjini walikuwa wanacheka upande wa pili wa maji. Mkono uliniuma kwa kushika jani jepesi vile. Ningeweza kusema ukungu ulikuwa mzito, na nani angebisha?

"Alikuwa anayatoa," nikasema.

"Uliona vizuri?"

"Niliona vizuri. Magunia yote mawili."

Macho yake yalijaa machozi lakini hayakudondoka. Kisha akanyoosha mkono, akalichukua isale, akalitia mfuko wa kushoto wa sweta yake na kulisukuma chini kwa kidole. "Aika," akasema, asante, kama ilivyo desturi. "Haya, tumalizie kuzunguka." Tukatembea hadi kwenye lile gogo. Ndeshi alivuka kwanza, akasimama ng'ambo, mikono mfukoni, akanisubiri nivuke mwenyewe.